Risasi Haina Namba: Stoo za Silaha za Arusha na Wizi Usioonekana

Kazi yangu ni kuhesabu mali za watu wengine. Nimehesabu saruji, matairi, mbolea, dawa za mifugo na vipuri vya magari ya watalii katika maghala ya Themi, Unga Limited na Njiro, na miongoni mwa wateja wangu wamo wachache ambao stoo zao zina bunduki na risasi: kampuni za uwindaji wa kitalii, kampuni za ulinzi, na duka linalouza silaha kwa wenye leseni. Majina yao sitayataja wala mitaa yao, kwa sababu ambazo msomaji atazielewa mwenyewe. Ninachotaka kueleza ni namna stoo za aina hiyo zinavyojikinga na wezi, na hasa jambo moja ambalo nimebishana nalo na wenye stoo hizo kwa muda mrefu, kwamba fedha nyingi hutumika kulinda bunduki ilhali kitu kigumu zaidi kukilinda ni risasi.

Silaha halali hazikosekani Arusha. Kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii zina ofisi hapa, kwa kuwa vitalu vya Longido, Monduli, Simanjiro na Loliondo vinafikika kwa gari kutoka mjini, na msimu unapofunguliwa tarehe 1 Julai wageni hushuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa na masanduku ya bunduki yenye kufuli, pamoja na vibali vya muda vya kuziingiza nchini. Wapo wafanyabiashara wa madini wanaomiliki bastola, wapo wakulima wakubwa wenye bunduki za marisau (shotgun) za kufukuzia wanyama waharibifu, na wapo walinzi ambao silaha wanazobeba kazini ni mali ya kampuni na hurudi stoo zamu inapokwisha. Kila moja ya silaha hizo inalala mahali fulani usiku, na mahali hapo pana mlango, ufunguo na mtu anayeutunza ufunguo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Miaka ilipotungwa ilikuwa mibaya. Mwaka 2014 kituo cha polisi cha Bukombe mkoani Geita kilivamiwa, mwaka 2015 kikafuata cha Ikwiriri mkoani Pwani, na Julai ya mwaka huohuo kikavamiwa cha Stakishari, Dar es Salaam. Askari waliuawa na bunduki zikachukuliwa. Yeyote anayetunza silaha alipaswa kujifunza kutokana na matukio yale kwamba mwizi wa bunduki hatafuti nyumba yenye utajiri, anatafuta mahali ambapo bunduki zimekusanywa pamoja. Kama kituo chenye askari wenye silaha kiliweza kuvamiwa, duka lenye mlinzi mmoja aliyejifunika koti la mvua chini ya baraza halina sababu ya kujiona salama.

Tuanze na ukuta na mlango, kwa kuwa huko ndiko kila mwenye stoo huanzia. Chuma hakizuii wizi. Chuma hununua dakika. Watengenezaji wa viwango wanalijua hilo vizuri. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1143-1 hupima sefu kwa kuangalia muda ambao mvunjaji anautumia pamoja na ubora wa vifaa alivyo navyo, kisha sefu hupewa daraja. Ujerumani, tangu Julai 2017, mmiliki anayenunua kabati jipya la silaha hulazimika kununua lenye angalau daraja sifuri la kiwango hicho. Uingereza wana kiwango chao cha makabati, BS 7558, na Afrika Kusini wanacho chao. Hakuna hata kimoja kati ya viwango hivyo kinachodai kwamba sefu haifunguki. Kwa hiyo swali ninalomuuliza mwenye stoo kabla sijagusa daftari lake ni hili: king'ora kikilia saa tisa usiku, mvua ya masika inanyesha na umeme umekatika, nani anafika hapa, na baada ya dakika ngapi? Kama jibu ni dakika arobaini na mlango unavunjika kwa kumi, basi mlango ule ni pambo. Mara nyingi ni nafuu zaidi kufupisha zile arobaini, kwa king'ora chenye betri yake na laini yake ya simu na kwa mkataba wa kweli na kikosi cha dharura, kuliko kununua mlango mnene zaidi.

Halafu kuna paa, ambalo kwa majengo ya mjini kwetu lingepaswa kutangulia mlango. Vyumba vingi vya biashara vya katikati ya mji ni vya zamani, vinashirikiana ukuta na jirani, na juu yake kuna dari la ubao laini au jipsamu kisha bati. Nimeona mlango wa chuma ulioletwa kwa gharama kubwa umefungwa kwenye chumba ambacho fundi umeme anaweza kuingia kupitia darini kwa duka la jirani bila kuvunja kitu. Chumba cha silaha kinahitaji zege lenye nondo pande zote sita, juu na chini zikiwamo, na sefu iliyo ndani yake ifungwe kwa boliti kwenye sakafu, kwa sababu sefu isiyofungwa hubebwa nzima ikafunguliwe kwingine kwa utulivu.

Mbele ya duka mambo hutofautiana na nchi. Marekani wezi huligonga duka kwa gari lililoibwa, wakavunja kioo, wakazoa bastola zilizopangwa kwenye meza za vioo na kuondoka kabla polisi hawajafika, na ndiyo sababu maduka mengi huko yamesimika nguzo za zege mbele ya milango. Kinachonishangaza ni kwamba sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haimlazimishi mwenye duka kuzifungia bunduki ndani ya sefu anapofunga biashara jioni. Majimbo machache, California likiwa mojawapo, ndiyo yaliyoweka masharti hayo yenyewe, kwa mfano kuzifungia kwenye sefu au chumba imara, au kupitisha fimbo au waya mgumu wa chuma kwenye kilinzi cha kifyatulio cha kila bunduki. Mwaka 2018 idara yao ya silaha, ATF, ilianzisha mpango wa elimu kwa wenye maduka pamoja na chama cha wafanyabiashara wa silaha kinachoitwa NSSF (si ile yetu ya mafao ya uzeeni), lakini elimu ni hiari.

Hapa kwetu sijaona duka la silaha lenye dirisha la maonyesho la namna hiyo, na ni vema. Utaratibu mzuri niliouona ni wa mteja kuingia kwa mlango wa kwanza, ambao hufungwa kabla wa pili haujafunguliwa, kisha kuonyeshwa bunduki moja tu kwa wakati mmoja, nyingine zote zikiwa zimeunganishwa kwa mnyororo. Bunduki za uwindaji huondolewa bolti, yaani komeo linalofunga chemba, na bolti hizo hutunzwa katika sefu nyingine yenye ufunguo mwingine. Anayeiba bunduki isiyo na bolti amepata bomba la gharama kubwa. Ulinzi huu hauna gharama yoyote zaidi ya dakika chache za jioni, na bado ndio unaoachwa kwanza wiki ya mwisho ya Juni, wageni wanapokaribia na kila mtu ana haraka.

Kamera nitazipita upesi. Zinasaidia upelelezi, hazisimamishi mtu, na kifaa kinachohifadhi picha kisipowekwa ndani ya chumba chenyewe cha silaha, au picha zisipotumwa nje kwa intaneti, mwizi huondoka nacho pamoja na bunduki.

Mzee mmoja mtunza stoo, polisi mstaafu ambaye hata mkurugenzi wake humwamkia shikamoo, aliwahi kuniambia hivi nilipokuwa nasifia mlango wake: "Mwanangu, mlango huu ni wa mtu nisiyemjua. Ninayemjua ana ufunguo." Alikuwa sahihi, na stoo yake ilikuwa imepangwa kwa imani hiyo. Mlango ulihitaji watu wawili, mmoja na ufunguo na mwingine na namba za siri, wala hawakuwa wa idara moja. Funguo hazikulala ofisini. Kila mmoja wao alilazimishwa kwenda likizo ya mwaka, kwa sababu udanganyifu wa stoo huhitaji mtu awepo kila siku kuufunika, na anapokaa nyumbani wiki mbili huku mwingine akishika daftari, huibuka wenyewe. Mtunza stoo anayejivunia kwamba hajawahi kuchukua likizo ananitia shaka kuliko kufuli bovu.

Kuhesabu bunduki si kazi ngumu ikifanywa kwa uaminifu. Kila bunduki ina namba yake iliyochongwa kwenye chuma, na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inasisitiza uwekaji alama na utunzaji wa kumbukumbu pamoja na uhifadhi salama. Kanuni pekee ni kwamba namba isomwe kwenye bunduki yenyewe, kamwe isisomwe kwenye boksi wala kwenye lebo ya rafu, kwa kuwa boksi tupu hukaa rafuni kwa utulivu uleule wa boksi lenye bunduki. Daftari liwe limeshonwa, kurasa zake zina namba, kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini, pasiwe na kufuta. Hesabu ifanyike asubuhi na jioni, na mara kadhaa kwa mwaka aje mtu wa nje bila taarifa. Katika hali hiyo bunduki ikipotea inajulikana siku hiyohiyo, ni ipi, na nani aliishika mwisho.

Risasi ni tofauti, kwa sababu nne. Kwanza, haina namba. Kitako chake kina alama ya mtengenezaji na kaliba, yaani ukubwa wa mtutu inaoufaa, na boksi lake lina namba ya toleo kutoka kiwandani, lakini risasi moja ikitolewa kwenye boksi na kuchanganywa na nyingine za aina ile haiwezi kutambulika tena. Pili, risasi huruhusiwa kuisha. Bunduki ikikosekana ni lazima pawe na maelezo, ila risasi zikikosekana maelezo yapo tayari: zilifyatuliwa. Tatu, ni ndogo. Ishirini za bunduki kubwa hukaa mfukoni mwa koti. Nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba bunduki haramu iliyokwisha kufichwa mahali fulani haina kazi bila risasi, na risasi zake hutoka mahali ambapo risasi halali zipo. Wizi wa bunduki moja unaonekana mara moja. Uvujaji wa risasi mbili mbili unaweza kuendelea misimu mitano, stoo ikiendelea kusifiwa kwa mlango wake.

Wamarekani, ambao wana maandishi mengi kuliko sisi kuhusu biashara hii, walikwenda kinyume kabisa. Sheria yao ya mwaka 1968 iliwataka wauzaji waandike mauzo ya risasi. Sheria ya mwaka 1986 ikaliondoa sharti hilo kwa sehemu kubwa, na tangu mwaka 2004 Bunge lao limeizuia ATF kuwalazimisha wenye maduka kuhesabu bidhaa zao kila mwaka. Hoja yao ilikuwa kwamba karatasi za risasi ni nyingi mno na hazisaidii upelelezi. Naielewa hoja hiyo katika nchi ambayo risasi huuzwa kwa wingi ule. Kwa stoo ya Arusha yenye maboksi yanayohesabika kwa asubuhi moja siioni ina nguvu.

Basi tunahesabuje? Kiwandani risasi za bunduki kubwa kwa kawaida hufungwa ishirini kwa boksi, za bastola hamsini, na za marisau ishirini na tano. Ninachowashauri wateja ni kwamba kila kaliba iwe na boksi moja tu lililo wazi. Mengine yote yabaki yamefungwa kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na namba ya toleo. Boksi la pili halifunguliwi mpaka la kwanza limekwisha. Kwa yale yaliyofungwa natumia mizani. Madalali wa tanzanite wa mji huu hawamwamini mtu kwa macho pale penye mizani, nami sioni kwa nini boksi la risasi liaminiwe zaidi ya jiwe. Risasi za toleo moja la kiwanda hutofautiana kwa uzito kidogo sana, kwa hiyo boksi lililopungua hata moja hujulikana bila kufunguliwa. Mizani inayotosha kazi hiyo hugharimu kidogo kuliko kufuli moja la mlango wa sefu.

Kampuni za ulinzi zina tatizo lao. Mlinzi wa zamu ya usiku hupewa bunduki na risasi chache za marisau, asubuhi humkabidhi mwenzake, na risasi zilezile huzunguka mifukoni mwa watu kwa miezi mpaka rangi inachubuka. Makabidhiano hufanywa kwa kuhesabu vitako, wala hakuna anayeangalia kama risasi ni nzima. Risasi ya marisau inaweza kuwa imefunguliwa na kurudishwa ikiwa tupu, na mlinzi atakayeigundua ni yule atakayeihitaji. Hapa napo mizani inafaa, lakini dawa yenyewe ni makabidhiano kufanyika kituoni mbele ya msimamizi, si getini kwa mteja saa kumi na mbili alfajiri huku daladala ikipiga honi.

Kwenye uwindaji hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa porini risasi hufyatuliwa kweli. Chukua kaliba ya .375 H&H, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na ambayo bado hutumika sana kwa nyati. Mwindaji bingwa, yaani yule anayewaongoza wageni porini, anaondoka Arusha na risasi arobaini, anarudi na kumi na mbili. Utaratibu unaofaa ni kwamba risasi zilizorudi pamoja na maganda vilingane na zilizotoka. Lakini maganda hupotea kwenye majani, na mwenye akili timamu hatamwambia mtu apige magoti kutafuta ganda wakati nyati aliyejeruhiwa yumo kichakani. Kwa hiyo siridhiki na maganda pekee wala siyadai yote. Ninadai kwamba kila mlio uandikwe siku hiyohiyo, pamoja na uliokosa na wa kulenga shabaha kambini, na kwamba askari wa wanyamapori aliyefuatana na msafara aweke saini. Daftari lenye milio ishirini na minane na maganda ishirini na matatu ninaliamini. Lenye milio kumi na maganda ishirini na manane sina haja ya kueleza.

Kuna tundu lingine ambalo wageni wenyewe hulitoboa kwa ukarimu. Safari inapokwisha mgeni hataki usumbufu wa kubeba risasi zilizobaki, naye amempenda mfuatiliaji nyayo wake au dereva, basi humwachia boksi kama zawadi, au huliacha hemani. Risasi hizo ziliingia nchini kwa kibali chenye jina la mgeni na idadi yake, na anayeachiwa hana leseni ya kaliba hiyo. Kampuni zilizo makini huzihesabu zilizobaki mbele ya mgeni kabla gari halijaondoka kambini, kwa kuwa ikigundulika uwanja wa ndege kwamba idadi haitoshi, ndege haisubiri na mgeni huondoka, na aliyebaki kujibu maswali ni mwenye kampuni.

Jambo la mwisho linahusu hofu ya moto. Tangu milipuko ya maghala ya jeshi ya Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, ambayo kila mmoja uliua watu zaidi ya 20, wapo wenye stoo wasiotaka risasi zikae ndani ya jengo wanamofanyia kazi. Huzihamishia banda la bati nyuma ya ofisi, jirani na jenereta na madumu ya dizeli. Hofu yao ina heshima yake, lakini yaliyolipuka kule yalikuwa mabomu. Katika mgawanyo wa Umoja wa Mataifa wa hatari za vilipuzi, risasi za silaha ndogo zilizofungwa vizuri kwa kawaida huwekwa daraja la 1.4S, ambalo madhara yake yakishika moto hubaki karibu na kifungashio chenyewe. Zinastahili chumba chao imara, mbali na bunduki na mbali zaidi na mafuta, kikavu, juu ya chaga ili unyevu wa masika usizipate. Banda la bati huzipa joto la mchana, kutu ya usiku, na kufuli ambalo mtoto wa fundi baiskeli analifungua.

Wizi ukishatokea kinachobaki ni kasi. Marekani muuzaji hupewa saa 48 tangu agundue upotevu wa bunduki awe amewaarifu ATF na polisi wa eneo lake. Ushauri wangu hapa ni simu kwa polisi saa ileile, kabla ya kumpigia bima na kabla ya kufagia vioo. Swali la kwanza la mpelelezi litakuwa namba za bunduki, na mwenye daftari zuri atazisoma kwa simu. La pili litakuwa ni risasi ngapi na za aina gani, na hapo wengi hukadiria, husema boksi kama tatu hivi. Mteja wangu mmoja, ambaye aliniona msumbufu nilipomletea habari za lakiri, siku hizi hunakili namba za toleo za kila shehena kwenye karatasi mbili, moja ikakaa benki. Mizani bado hajanunua.